Eti Kila Kitu Kina Neno Lake

Ukitaka kumkera mwalimu wa Kiswahili, muulize maswali haya mbele za watu. "Force" utaiitaje? Nguvu. "Power"? Nguvu. "Energy"? Nguvu. "Strength"? Nguvu. Wasikilizaji wataangua kicheko, muulizaji atajiegemeza kitini kwa raha zake, na hukumu itasomwa bila utetezi kusikilizwa: Kiswahili ni lugha tamu ya taarabu, mashairi na utani, lakini sayansi hakiiwezi, kwa sababu neno moja linatwishwa mizigo kumi. Kiingereza ndicho chenye neno lake kwa kila kitu.

Hoja hii nimeisikia kwenye semina na kwenye vijiwe. Nimeisikia kwa wazazi wanaouza kiwanja ili mtoto asome kwa Kiingereza tangu chekechea. Kibaya zaidi, nimeisikia kwa walimu wa sayansi, watu wale wale ambao kila siku hugeukia Kiswahili katikati ya kipindi ili darasa lielewe. Naipinga, tena si kwa uzalendo. Uzalendo haujawahi kumfundisha mtu fizikia. Naipinga kwa sababu wanaoitoa hawajakitazama Kiingereza chenyewe kwa karibu. Wamesikia sifa zake tu.

Tukitazame, basi, na tuchukue neno ambalo mtoto wa Kiingereza hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: "work". Shughuli ya kulipwa mshahara ni "work". Mahali pa shughuli hiyo ni "work" vilevile, ndiyo maana karani aliyesinzia juu ya meza yake bado yuko "at work". Dawa ikimponya mgonjwa, "it works". Saa ikitembea, "it works". Riwaya ni "work", na maandishi yote ya mwandishi yakikusanywa pamoja ni "works". Lakini "works" ni kiwanda pia, ni vyuma vya ndani ya saa, na ni matendo mema anayoyasisitiza kasisi. Bandika "out" mwishoni, upate mazoezi ya viungo, au hesabu iliyopatiwa jibu, au jambo lililokwenda vizuri. Ondoa "out" uweke "up", upate mtu aliyepandwa na jazba. Fataki zina "work" ndani yake, mtandao nao unayo, na "workhouse" ilikuwa nyumba ambamo, kwa sheria ya mwaka 1834, maskini wa Uingereza alipewa chakula kwa sharti la kuingia humo na kufanyishwa kazi.

Na tusiende mbali. Hapa Tanzania tunayo Wizara ya Ujenzi. Jina lake la Kiingereza ni "Ministry of Works". Mgeni aliyejifunza Kiingereza vitabuni akisoma kibao hicho anaweza kudhani hapo ndipo pa kupeleka malalamiko ya kufukuzwa kazini. La hasha, hayo huenda kwenye "Labour", neno ambalo kwa Mwingereza huyo huyo ni kazi, ni wafanyakazi, ni chama cha siasa na ni uchungu wa mama anayejifungua. Katika kibao kile kimoja, lugha iliyosema jambo moja waziwazi ni Kiswahili: ujenzi.

Ukoo wa neno "work" ndio unaonichekesha zaidi. Katika Kiingereza cha kale, mtu wa kufanya kazi kwa mikono aliitwa "wyrhta", na leo amebaki "wright". "Shipwright" ni fundi wa meli, "wheelwright" fundi wa magurudumu. "Playwright" ni fundi wa tamthilia, ingawa Waingereza wengi wenyewe hudhani neno hilo limetokana na kuandika. Orville na Wilbur Wright, walioruka kwa ndege yenye injini mwezi Desemba 1903, jina lao la ukoo maana yake ni fundi tu, na kweli walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio. Kitenzi "work" chenyewe kilikuwa na wakati uliopita wake, "wrought", ambao umekimbia nyumbani na sasa umebaki kwenye chuma cha kufuliwa na mahali pengine pachache.

Upande wa Uholanzi kulikuwa na "bolwerk", ngome ya kujihami. Kiingereza kikaichukua ikawa "bulwark". Wafaransa wakaichukua ikawa "boulevard". Kuta za kale za Paris zilipobomolewa, kuanzia miaka ya 1670, pale zilipokuwa zimesimama pakawekwa njia pana za miti za kutembelea jioni. Jina halikuhama: ngome ya kuzuia adui ikawa barabara ya wapendanao.

Upande wa Ugiriki kuna binamu, "ergon", nalo maana yake ni kazi. Huyu amezaa watoto wasiojuana. "Energy" ni kazi iliyomo ndani. "Surgeon", daktari wa upasuaji, kwa asili ni mtu wa kazi ya mkono. Liturujia ilikuwa kazi ya umma kabla ya kuingia kanisani. Kila Joji unayemfahamu ni mkulima kwa jina, hata kama hajawahi kushika jembe. "Organ" kilikuwa chombo cha kazi, na sasa kwa Kiingereza ni ini, ni kinanda cha kanisani, na ni gazeti la chama. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunda neno "allergy" kwa kuunganisha "nyingine" na "kazi". Nani anayepiga chafya kwa sababu ya vumbi atajua ana kazi nyingine? Na mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walipotambua gesi iliyokuwa imejificha hewani, karibu asilimia moja ya hewa yote, wakaona haitaki kuungana na chochote, waliiita "argon", yaani asiye na kazi, mvivu. Mwaka 2000 wanakemia wa Helsinki walifaulu kuifunga na hidrojeni na florini katika baridi kali mno. Mvivu kafanyishwa kazi, na jina likabaki palepale, wala hakuna mwanafunzi aliyefeli kwa sababu hiyo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: hayo ni mambo ya watunga kamusi. Mwanafizikia anapotamka "work" ana maana moja tu, isiyo na utata.

Kweli kabisa! Na hapo ndipo hoja yao inapowafia mikononi. Maana hiyo moja aliipata wapi? Haikuwa ndani ya neno. Neno lilikuwa la mtaani, chafu kama maneno yote ya mtaani, na mtu mmoja akakaa chini akasema: katika kitabu changu, neno hili litakuwa na maana hii na si nyingine. Mtu huyo alikuwa Mfaransa, Gaspard-Gustave de Coriolis, na mwaka wenyewe ulikuwa 1829. Neno alilolichukua ni "travail", ambalo kwa Mfaransa linabeba kazi ya kila siku pamoja na uchungu wa uzazi. Akalifungia ndani ya kanuni: kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea kani hiyo inakoelekea. Basi. Kiingereza kikafuata na "work" yake.

Haya, tuijaribu kanuni hiyo kwa Kiswahili tuone kama ulimi utakwama. Mchukuzi wa Kariakoo anainua gunia la kilo 50 kutoka chini hadi begani, tuseme mita 1.5. Kani anayohitaji ni nyutoni 500 hivi, na kazi aliyoifanya ni jouli 750. Gunia limeshatulia begani. Sasa anasimama nalo robo saa nzima, akimsubiri mwenye mali amalize kubishana bei na mwenye lori. Shingo inamuuma, jasho linamtiririka, na fizikia inasema kwamba katika robo saa hiyo gunia halikufanyiwa kazi yoyote, kwa kuwa halikusogea. Kisha anatembea nalo mita 200 kwenye lami tambarare, kwa mwendo usiobadilika. Kani inayolishikilia gunia inaelekea juu, safari inaelekea mbele. Kazi ya kani hiyo ni sifuri. Jaribu kumwambia mchukuzi kwamba hajafanya kazi, halafu usimame mbali kidogo.

Ajabu iliyomo katika mfano huo ni ya fizikia. Kiswahili hakijaiongezea chembe. Mchukuzi wa gati za Liverpool naye angekasirika vilevile kuambiwa hajafanya "work", maana kwake neno hilo ni jasho na ujira kama lilivyo kwetu. Mwalimu wa huko na mwalimu wa huku wana mlima ule ule wa kumpandisha mwanafunzi: sahau maana ya mtaani, shika kanuni.

Turudi kwenye kicheko cha mwanzo, kile cha "zote ni nguvu". Mwaka 1687 Isaac Newton alitoa kitabu chake kikuu, tena kwa Kilatini, si Kiingereza. Humo neno moja, "vis", yaani nguvu, limebeba ukaidi wa kitu kubadili mwendo wake, limebeba msukumo kutoka nje, na limebeba mvuto wa kuelekea katikati. Newton alilibandikia vivumishi akaendelea na safari. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz aliandika makala iliyoweka msingi wa kanuni kwamba nishati haiundwi wala haipotei. Katika kichwa cha makala hiyo hakuna nishati. Kuna "Kraft", neno la Kijerumani la nguvu, lile lile lililotumika kwa kani. Julius Robert Mayer alikuwa amefanya hivyo hivyo mwaka 1842. Michael Faraday, Mwingereza halisi, alitoa mhadhara mwaka 1857 juu ya jambo hilo, naye akaliita "force". Thomas Young alikuwa amekwisha kulipendekeza neno "energy" tangu 1807, likawekwa kando karibu nusu karne.

Kwa hiyo mojawapo ya kanuni kubwa kuliko zote za fizikia ilizaliwa na kulelewa katika lugha ambazo "zote zilikuwa nguvu". Yule anayemcheka mwalimu wa Kiswahili anamcheka Helmholtz bila kujua. Na cha kushangaza, sisi leo tuko mbele ya Helmholtz kwa msamiati: kani tunayo, nishati tunayo, kazi tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Anayejibu "nguvu" mara nne hajafungua kamusi hiyo, na uvivu wake asiusingizie lugha.

Ndoto ya lugha ambayo kila kitu kina neno lake imeshajaribiwa, tena na Mwingereza. John Wilkins, mmoja wa waasisi wa Royal Society ya London, alichapisha mwaka 1668 kitabu kinene chenye lugha mpya kabisa. Aliyagawa mambo yote ya duniani katika mafungu, mafungu katika vijifungu, na kila herufi ya neno ikawa inaonyesha jambo hilo liko fungu gani. Hakuna utata, hakuna neno lenye maana mbili. Lugha hiyo haikupata wasemaji. Hata wanasayansi wenzake waliendelea na Kiingereza chao chenye makunyanzi.

Na Kiingereza hicho, miaka mia moja tu kabla ya Wilkins, kilikuwa kikitukanwa na wenyewe. Wasomi walikiona kikavu, cha washamba, kisichofaa elimu ya juu. Elimu ya juu ilikuwa Kilatini. Mwaka 1573 Ralph Lever aliandika kitabu cha mantiki kwa Kiingereza, akakataa kukopa, akajitungia istilahi: mantiki akaiita "witcraft", ufundi wa akili. Fasili akaiita "saywhat", yaani sema-nini. Wenzake hawakumfuata. Mwaka 1582 Richard Mulcaster, mwalimu wa shule London, ilimbidi achukue kalamu kukitetea Kiingereza kwamba nacho kinaweza kubeba elimu. Ungewaambia wasomi wa wakati ule kwamba siku moja Waafrika wangeambiwa sayansi haifundishiki ila kwa lugha hiyo, wangedhani unawafanyia stihizai.

Kuna wanaokuja na "piga". Piga pasi, piga simu, piga picha, piga deki, piga kura, piga magoti, piga mbizi: eti lugha gani hii inayopiga kila kitu? Nyani haoni kundule. Kitenzi "run" kilipofanyiwa kazi upya kwa ajili ya kamusi kubwa ya Oxford, Peter Gilliver alikaa nacho miezi tisa na kutoka na maana 645. Pua "runs", mgombea "runs", soksi "runs", mto "runs", injini "runs", tangazo la gazetini "runs". Sikumbuki kumsikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo Waingereza hawawezi kurusha setilaiti.

Sasa niwageuzie kibao, maana kujitetea tu hakunitoshi. Mtoto wa Kitanzania amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza. Asubuhi, kwenye hisabati, anakutana na "power": mbili mara mbili mara mbili. Kabla ya mapumziko, kwenye fizikia, "power" ni kasi ya kufanya kazi. Mchana, kwenye uraia, "power" ni madaraka ya rais. Kwa Kiswahili la kwanza ni kipeo, la tatu ni madaraka, na hapana mtoto atakayeyachanganya. "Root" kwake ni mzizi wa mhogo na papo hapo ni kipeuo cha pili cha 49. "Solution" ni jibu la mlinganyo, kisha anaingia maabara anaambiwa atengeneze "solution" kwa chumvi na maji, wakati Kiswahili kingemwambia myeyusho, neno lenye kuyeyuka ndani yake, ambalo linajieleza lenyewe. "Volume" ni ujazo, ni juzuu, na ni sauti ya redio. "Degree" ni nyuzi za joto, ni nyuzi za pembe, na ni shahada ambayo kaka yake anaisotea chuoni. "Table" ya elementi si meza. "Cell" ni seli ya jani, ni betri ya tochi, na ni chumba cha mahabusu, ingawa hapa lawama imwendee Robert Hooke, aliyekitazama kizibo chini ya hadubini akaona vijumba, akakichapisha alichokiona mwaka 1665.

Hesabu mwenyewe ni lugha ipi inayomtwisha mtoto huyu mizigo kumi katika neno moja. Mtoto wa Manchester anapokutana na "solution" ya maabara, amekwisha kuishi na neno hilo nyumbani, lina mahali pa kuning'inia kichwani mwake. Wetu anakutana na maana zote siku moja, katika lugha ambayo hata ya sokoni hajaijua vizuri. Akikosa, tunaandika kwamba hajui kemia.

Sisemi Kiswahili cha sayansi hakina ugonjwa. Kinao, ila si huu wanaoupigia kelele. Tatizo letu ni kinyume chake: kitu kimoja, majina lukuki. Kompyuta wengine huiita tarakilishi, wengine waliwahi kuiita ngamizi. Ile "power" ya fizikia mwandishi mmoja ataiita uwezo na mwingine nguvu, na mwanafunzi akivuka mpaka wa Namanga na kitabu chake mkononi atakuta baadhi ya istilahi zimebadilika. Hili ni tatizo la kweli, linahitaji mabaraza, wachapishaji na watunga mitihani wakae meza moja na wakubaliane, tena wakubali kushindwa kwa neno wanalolipenda. Lakini hata ugonjwa huu si wa rangi yetu. Kabla ya 1829, ile kazi ya Coriolis ilikuwa na majina chungu nzima huko Ufaransa: Coulomb aliiita kiasi cha tendo, Lazare Carnot aliiita momenti ya utendaji, na wengine walikuwa na yao. Wakachagua moja, mengine yakafa.

Vitabu pia ni vichache, hilo silikatai. Vya kidato cha tano na sita kwa Kiswahili ni vya kutafuta kwa tochi. Ila uhaba wa vitabu huondolewa kwa kuviandika, kuvichapa na kuvilipia, na huo ni mjadala wa bajeti. Nitaufanya kwa furaha na yeyote atakayekubali kwanza kuacha kuuvisha kanzu ya isimu.

Ngome yao ya mwisho naijua: basi angalau tusubiri. Istilahi zikishakamilika, zote, zikishasanifiwa, ndipo tuanze. Mtambo wa Thomas Newcomen ulianza kuvuta maji mgodini mwaka 1712, miaka 117 kabla ya Coriolis kuipa kazi fasili yake. Huko Cornwall, wahandisi walipotaka kujua ni mtambo upi unaovuta maji mengi kwa makaa machache, walipima kitu walichokiita "duty", neno ambalo kwa Mwingereza ni wajibu wa mtoto kwa mzazi, ni zamu ya askari na ni ushuru wa forodha. Walilipimia, walishindana kwalo, na waliboresha mitambo yao kwalo. Hakuna aliyewaambia wazime moto mpaka kamusi itoke.